Karatasi ya Kuongoka

Pikipiki ilizimika mara ya tatu kabla hatujafika juu, na Sylus, dereva wake, mtu mzima mwenye mvi na mzaha, akaniambia nishuke nitembee.

"Mlima wa Sagalla haupendi mizigo miwili," alisema. "Wewe, na hilo begi."

Nyuma yetu Voi ilikuwa imebaki mabati na vumbi. Mbele sikujua lolote. Nilikuwa nimekodi chumba kwa simu, mwezi mzima, kwa mama niliyemfahamu kwa sauti tu, na kila kona niliyodhani ni ya mwisho ilikuwa na nyingine nyuma yake.

Mama mwenyewe, Wakio, alinipokea mlangoni akiwa ameshika ubavu wake wa kulia kama mtu anayezuia kitu kisidondoke. Hakuuliza habari za safari.

"Ni kweli unajua lugha nyingi?"

"Kiasi, mama."

"Na Kizungu cha hospitali?"

Aliniwekea kimanga, mihogo iliyopondwa na maharage, na chai ya rangi, akachomoa karatasi katikati ya Biblia. Kabla sijaipokea, sauti ya mwanamume ikatoka chumba cha pili.

"Akusomee hapa! Nami nisikie."

Huyo alikuwa Josephat, mumewe. Alikuwa katekista kule Bura, kwao, na miaka sita iliyopita alipanda juu ya paa la kanisa kusaidia kubadilisha mabati, akaanguka. Tangu siku hiyo hana habari na miguu yake. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye mabega ya seremala, na kitanda chake kilikuwa dirishani ili aone njia. Mara nne kwa siku Wakio humgeuza asipate vidonda, na mara mbili humtoa kitandani na kumweka kwenye kiti. Mtoto wao Hillary yuko Doha, analinda jengo. Wa kumwinua Josephat ni Wakio peke yake, mwanamke mwenye kilo zisizofika sitini.

Mwaka huu ubavu ulianza kumuuma. Mwezi uliopita macho yakageuka manjano. Katika hospitali ya misheni kule chini walimpiga picha wakaona vijiwe kwenye kifuko cha nyongo. Kulikuwa na daktari anayekuja mara moja kwa mwezi na mitambo yake, na yeye hapasui, anatoboa.

"Alinichorea," Wakio aliniambia, akigusa blauzi yake hapa na hapa. "Tundu moja kitovuni, matatu huku juu. Wananijaza gesi kama tairi la Sylus, halafu kamera inaingia, nyembamba kama kalamu. Zamani walikuwa wanakupasua kama samaki. Siku hizi kuna hata dawa wanakuchoma mkononi, kule kwenye runinga mrija wa nyongo unang'aa kijani, wasije wakakata pasipo pake. Siku ya pili unarudi nyumbani."

Alisema hayo kwa fahari, kama mtu anayesimulia jinsi mwanawe alivyofaulu. Dada yake Pauline, mwalimu wa Bura, alikuwa amekubali kuja kumwinua Josephat kwa likizo yote ya Aprili. Wiki tatu. Baada ya matundu, muuguzi alikuwa amesema, wiki tatu zinatosha mtu kushika kazi zake, kwa adabu. Hesabu ilikuwa imekaa sawa kabisa. Kilichobaki ni sahihi ya kukubali upasuaji, na kesho ndiyo siku.

"Sasa tatizo ni nini?" niliuliza.

Walitazamana.

"Wanataka aongoke," alisema Josephat.

"Nani?"

"Hospitali. Si ni ya madhehebu mengine? Iko hapo, mstari wa tano. Mimi nimefundisha wakatekumeni wa ubatizo miaka kumi na tisa, neno hilo nalijua kwa Kizungu na kwa Kilatini."

Nilitazama mstari wa tano. *Possible conversion to open procedure.* Josephat alikuwa amelipigia neno la pili mstari kwa kalamu nyekundu.

"Nami nimemwambia," Wakio alidakia, "mimi nilizaliwa Mwanglikana hapa hapa Sagalla. Nikaongoka nikawa Mkatoliki kwa ajili yako, Baba Hillary. Nikiongoka mara ya pili kwa ajili ya nyongo, kuna ubaya gani? Nitarudi nitubu."

"Unaona mtu huyu? Imani kwake ni kama leso, anabadilisha ikichafuka."

"Leso ndiyo inayokuinua wewe."

Josephat alicheka hadi kitanda kikalia. Nilicheka pia, na nilipaswa kuishia hapo. Neno hilo nimelikuta mahali pengi: Lisbon kwenye duka la kubadilisha fedha, Chennai kwenye mlango wa kanisa, na mara moja kwenye fomu kama hii, ya rafiki yangu. Nikawaeleza. Hapa ni kugeuza, haihusu dini. Maana yake ni kwamba daktari ataanza na matundu, lakini akiona ndani pamegandana, au damu imemzuia kuona, atageuza kazi. Ataacha kamera na kupasua kwa kisu, jinsi ya zamani.

"Atapasua kiasi gani?" aliuliza Wakio.

Nilionyesha kwa kidole, chini ya mbavu zangu.

Hakuna aliyecheka tena. Wakio aliinua blauzi yake kidogo bila haya, kama anayeonyesha mahali nyumba inapovuja. Kutoka kifuani hadi kitovuni kulikuwa na kovu nene linalong'aa. Vidonda vya tumbo vilimpasukia yeye wakati Hillary yuko darasa la pili, akapasuliwa usiku huo huo. Daktari alipoliona kovu hilo alisema kitu. "Likikataa tutafungua." Wakio alidhani anazungumzia mtambo. Mitambo hukataa, halafu watu huifungua na kuitengeneza.

Tulimpigia simu Nthambi, muuguzi wa chumba cha upasuaji, simu ikawekwa kwenye sauti juu ya mto wa Josephat.

"Mama, wengi wanatoka na matundu yao vizuri tu," alisema Nthambi. "Wewe una kovu. Kovu linashikanisha matumbo. Daktari mwenyewe hajui mpaka kamera iingie."

"Na akifungua, nitakaa muda gani bila kubeba?"

"Miezi mitatu usiguse hata ndoo ya maji."

"Siyo ndoo, dada. Ni mume."

"Pole, mama."

"Siwezi kutia sahihi kwa matundu, hapo pa kupasua nikaacha wazi?"

"Sahihi ni moja tu."

"Na nikingoja aje mwezi ujao?"

"Ile manjano ikirudi haitakungoja wewe. Itakuleta yenyewe."

Simu ilipokatika Josephat alikuwa akitazama njia. Alisema polepole, kwa Kiswahili ili nami nielewe, kwamba kuna nyumba ya masista huko Taveta inayopokea watu wa hali yake. Wakio akamwambia anyamaze. Josephat akasema tena. Wakio akamjibu kwa Kisagalla, maneno machache makali.

Nilichowaletea ni maana ya neno moja, na kabla yangu walikuwa na furaha.

Asubuhi Wakio alitia sahihi juu ya meza ya jikoni. Chini ya jina lake, mahali pasipokuwa na mstari, aliandika kwa mkono wa darasani: *Tafadhali mjaribu sana.* Akaikunja akaitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na sabuni na kanga ya kubadilisha.

Pauline alikuwa bado njiani kutoka Bura, angefika saa sita. Josephat alitakiwa kugeuzwa saa nne. Kwa hiyo Wakio alinifundisha mimi: leso mbili, moja chini ya mabega, moja chini ya nyonga, kila pembe ifungwe fundo la kushikia. Goti moja kitandani. Usivute kwa mikono, lala nyuma kwa uzito wako wote.

"Na umwongeleshe," alisema. "Akinyamaza anakuwa mzito."

Sylus alipiga honi. Wakio aliingia kwa mumewe, akanyoosha shuka ambalo halikuwa limekunjamana, akatoka. Alikalia pikipiki upande, mkono ubavuni, mfuko mapajani.

"Usinirushe kwenye mashimo, Sylus."

"Leo nitaendesha kama nimebeba mayai, Mama Hillary."

Josephat aliifuata sauti ya injini kwa masikio. "Sasa yuko kwenye tangi la maji," alisema. "Sasa kanisani." Baadaye injini haikusikika tena.

Saa nne nilishika mafundo, nikaweka goti, nikalala nyuma kwa uzito wangu wote. Hakusogea.

"Tena," alisema.