Ndoyi Wangu na Kadi ya Ndege

Wafanyabiashara wenzangu wa Butembo huniuliza mara kwa mara: ukienda China kununua vitambaa, uchukue kadi ya kampuni gani ya ndege? Ile ya bluu, ya ndege zinazopitia Uarabuni, au ile ya kahawia, ya ndege zinazopitia hapahapa Afrika? Wanataka niwaambie ipi inatoa pointi nyingi, ipi inaongeza mzigo, na pointi za ipi hazifi upesi. Nawajibu yote hayo, maana nayajua. Kisha nawauliza wao: hiyo kadi itafunguliwa kwa simu ya nani?

Ya kwangu ilifunguliwa kwa simu ya ndoyi wangu. Kwetu Wanande mtoto hupewa jina kwa zamu yake ya kuzaliwa, kwa hiyo ukijua kwamba mimi ni binti wa kwanza, nusu ya jina langu umeshaipata. Nusu nyingine ni ya ubatizo, na mapadre wetu hawakuwa na watakatifu wengi kichwani. Ndiyo maana siku moja kwenye foleni ya mpaka, Kasindi, afisa aliita jina langu tukaitika wanawake wawili. Tulicheka mpaka tukashikana mikono. Mwenzangu alikuwa muuza viatu wa Beni, anakaa commune Ruwenzori. Tangu hapo akaniita ndoyi nami nikamwita ndoyi, kama watu wa jina moja wanavyoitana kwetu.

Tukaanza kusafiri pamoja. Suala la kadi lilipokuja, mimi nilitaka ile ya kahawia kwa sababu ya mzigo, maana vitambaa ni vizito. Yeye akashikilia ya bluu.

"Ndoyi, tukamate ya bluu, siye wote wawili," aliniambia. "Points yake inapanda mbio. Miye niko na ordinateur, ile kompyuta ya nyumbani, ntafanya réservation ya tiketi yako na yangu. Weye hapana kuhangaika."

Nikamweleza kwa nini nazitaka hizo pointi. Si kwa ajili ya kunyoosha miguu kwenye viti vya mbele. Mama yangu anakaa Kyavinyonge, kando ya ziwa, na mtaji wangu wa kwanza ulitoka kwenye samaki aliowakausha kwa moshi mpaka macho yakamharibika. Mdogo wangu wa mwisho ni mtawa huko Roma. Nilikuwa nimemwahidi mama kwamba siku binti yake atakapoweka nadhiri za daima, yeye atakuwa ameketi ndani ya kanisa hilo, na tiketi nitaipata kwa pointi.

"Mama yako ni mama yangu," ndoyi akasema, mkono kifuani. Wala hakukosea, maana kwetu anayemwita mtoto wake kwa jina lako ni mama yako pia. Nilimpeleka Kyavinyonge. Mama alimkumbatia, akamwita mwanangu, akamfungia samaki wa kwenda nao Beni.

Tukasafiri miaka. Kila mara alipiga picha pasipoti yangu, akajaza yote, nami nikashukuru. Mimi nilikaa nyuma karibu na choo. Yeye mara nyingine alipita mbele, kule kwenye pazia, akarudi baadaye kunionyesha soksi na mafuta ya mikono aliyopewa.

"Bamenipa tu bure, ndoyi. Ni chance."

Nami nilimfurahia! Hilo ndilo linanikera mpaka leo. Nilimfurahia kwa moyo wangu wote kama mjinga.

Kisha mdogo wangu akapiga simu kutoka Roma: siku ya nadhiri imepangwa, na masista wamemtafutia mama viza. Imebaki tiketi. Nikampigia ndoyi siku hiyohiyo.

"Aa, ndoyi, pole sana," akasema. "Points yako ilisha kufa. Ile compagnie ni bamwizi tu."

Nikaamini. Nikashuka mpaka Kyavinyonge kumwambia mama kwamba hataenda. Hakulalamika. Aliuliza tu kama kuna njia ya kusikiliza nadhiri kwenye simu, nikaona afadhali angenitukana.

Safari iliyofuata nilikwenda peke yangu. Pale uwanja wa Entebbe, dada wa kupokea mizigo, mwenye Kiswahili safi cha Kenya, alifungua pasipoti yangu, akatazama kompyuta yake, akatabasamu.

"Mama, mbona leo unakaa nyuma? Mwezi uliopita ulikaa mbele. Na bado una pointi nyingi sana."

Mwezi uliopita nilikuwa Butembo, dukani kwangu, napima vitambaa. Nikaona yote mara moja, soksi, mafuta, pazia, na yule mwanamke amenyoosha miguu. Alikuwa amekalia kiti cha mama yangu.

Sikumpigia. Kama ningempigia angelia, ningelainika, najijua. Niliporudi kutoka China, nikaenda moja kwa moja ofisi ya kampuni ile, Kampala. Huko ndiko nilikocheka. Kadi yangu haikuwahi kuwepo. Ilikuwepo kadi moja tu, ya jina letu, na safari zake na zangu zote ziliingia humo kwa kuwa mashine iliona jina ni lilelile. Lakini siku aliyoifungua, nakumbuka, pasipoti yake mpya ilikuwa bado inasubiriwa kutoka Kinshasa. Basi akatumia ile aliyokuwa ameipiga picha kwa simu. Namba ya simu ilikuwa yake, barua pepe yake, ila pasipoti ilikuwa yangu.

"Nimebadili simu," nikamwambia karani, nikaweka pasipoti mezani.

Alilinganisha namba, akanitazama uso, akabadilisha. Kazi ilikwisha kabla ya chai yangu kupoa. Najua kwamba humo ndani mlikuwa na pointi alizozipata yeye mwenyewe, kwa viatu vyake na jasho lake. Nilizichukua hizo kwa raha kuliko zangu. Palepale nikamkatia mama tiketi ya Roma, ya mbele, nyuma ya pazia, na kwa pointi zilizobaki nikamkatia ya kurudi. Nikafagia mpaka chini.

Ndoyi alinipigia siku chache baadaye. Nilikuwa dukani, nikakaa vizuri kwenye kiti kwanza.

"Ndoyi, compte yangu inakataa kufunguka."

"Compte gani?"

"Ya ndege."

"Iko na jina ya nani?"

"Jina yangu!"

"Na passeport ya nani?"

Nilisikia pikipiki za Beni zikipita nyuma yake. Kisha akaanza kulia. Alikuwa ameshamwambia bwana yake kwamba watakwenda Dubai wawili, kwa kiti cha mbele, na shemeji wote wanajua.

"Nitasema nini kwa batu, ndoyi? Unihurumie."

"Aa, pole sana," nikamwambia. "Points ilisha kufa."

Nikakata simu. Mteja aliyekuwa mbele yangu aliniuliza kuna habari gani njema, nikampunguzia bei.

Wiki hiyo nikachukua ile kadi ya kahawia, kwa simu yangu, na nywila niliyoitunga mimi. Mama nilimsindikiza mwenyewe mpaka Entebbe. Kabla ya kuingia alitoa kwenye mkoba wake furushi la tilapia wakavu, limefungwa kwa majani na nailoni juu.

"Hii ni ya ndoyi yako," akasema. "Yeye ndiye alikuwa anafanya réservation yenu yote. Umuambie wasingya, aksanti sana."

Nikalipokea. Njiani kurudi gari lilisimama Beni, mtaa wa duka lake, abiria wakashuka kunyoosha miguu. Mimi nilibaki ndani na furushi langu mapajani. Nilipofika Butembo niliwachemsha wale samaki na nyanya na pilipili, nikawala peke yangu, na vichwa nikavifyonza.

Mama alirudi kutoka Roma na picha ya binti yake mwenye shela nyeupe, na soksi za ndege bado zikiwa miguuni. Kabla hata ya kukaa, akaniuliza ndoyi alizipokeaje salamu zake.

"Alilia, mama," nikamjibu.

Mama akafurahi sana.