Roketi Iliyoitwa Silaha

Delbert Ottmers hakuwa mtu wa kuomba ruhusa. Alipojenga gereji hakumuuliza mtu, na alipochimba kisima hakumuuliza mtu. Bunduki iliyoning'inia nyuma ya kiti cha pikapu yake aliikereza mwenyewe kutoka kipande cha chuma, haina namba wala jina la kiwanda. Ukimgusa hapo, utasikiliza hotuba mpaka barafu yote iyeyuke kwenye chai yako. "Bunduki ni chombo tu kama spana," angekwambia. "Mtu akijitengenezea spana nyumbani kwake, serikali inatafuta nini mlangoni?"

Habari za angani nazo zilikuwa hivyo hivyo. Serikali ilifika mwezini, akasema, ikarudi ikakaa kitako. Sasa ni zamu ya watu binafsi, kwa pesa zao na akili zao, bila karani wa kuwagongea mhuri. Kwa hiyo kampuni binafsi ya kurusha roketi iliponunua uwanda mkavu wa Hollis Pruitt nje ya mji, Delbert alikuwa wa kwanza kupiga makofi. "Mali yake, auze atakavyo!" alitangaza kwa kinyozi.

Uwanda huo ndipo yeye na wenzake wachache walipokuwa wakirushia roketi zao za kujitengenezea miaka yote. Hakuwa na wasiwasi. Aliwaona wenye kampuni kuwa ndugu zake, watu wa karakana kama yeye, ila wenye pesa nyingi zaidi. Walipowaalika majirani kuja kutazama roketi ya kampuni ikirushwa, alipakia roketi yake kubwa kuliko zote, ndefu kumzidi yeye mwenyewe, akaenda nayo kuwaonyesha. Alitaka kuwaomba jambo moja tu, wapenzi wa roketi waachiwe uwanda siku moja kwa mwezi. Kwingine kote karibu kuna nyumba, ng'ombe na nyaya za umeme.

Roketi ile ilikuwa haijawahi kuruka. Parachuti lake lilishonwa na mkewe, Verna, kwenye meza ya jikoni, huku akimtania: "Nimekushonea viraka vya suruali maisha yangu yote. Hili likifunguka angani, ndipo nitajiita fundi." Saratani haikumngoja. Tangu hapo Delbert alitaka kitu kimoja duniani, kuliona lile parachuti likifunguka.

Getini alimkuta binti yake, Kendra, ndani ya sare ya ulinzi ya kampuni.

"Baba, zima gari."

"Nizime ya nini, kwani hunijui?"

"Nakujua, ndiyo maana nakwambia zima." Akachungulia ndani. "Bunduki iache garini, ufunge milango. Hiyo ruksa. Lakini hiyo ndefu huko nyuma haiingii."

"Ipi? Roketi?"

"Kwa sheria zao hiyo ni silaha ya kujitengenezea."

Delbert akageukia nyuma ya kiti. "Silaha? Silaha ni hii hapa!" Akakipiga kitako cha bunduki kwa kiganja. "Hii ndiyo silaha, nimeitengeneza mimi, nawaambia peupe! Hii inapita, halafu kitu chenye parachuti la mama yako ndicho silaha?"

"Mbona siku zote unasema hiyo ni spana?"

Dereva wa gari la nyuma akaangua kicheko. Kicheko hicho kikamchoma Delbert zaidi. Na nani asingekasirika? Ndani ya geti lile lilisimama dude lao refu kuliko mnara wa kanisa, limeshiba mafuta mpaka linatoa moshi ubavuni. La kwao linaitwa safari. Bomba la bati la mzee aliyefiwa na mke linaitwa silaha. Ule ni ufidhuli, na kuufunika kwa tabasamu hakuupunguzi.

Tabasamu nalo likaja. Msimamizi wa usalama, Marisol Benavides, alitoka na chupa ya maji baridi, akampa. "Bwana Ottmers, hata mimi nilianza hivi hivi, na vidude vya karatasi. Tunawapenda sana watu kama nyinyi."

"Basi tupeni siku moja kwa mwezi."

"Leteni kibali, tutazungumza. Bila hicho bima yetu haikubali."

"Kibali cha nani?"

"Cha serikali, bwana."

Chupa ikamponyoka mkononi. Hollis Pruitt alikuwa amesimama hatua chache ndani ya uzio na sahani ya nyama ya moshi. Delbert akampigia kelele: "Hollis! Unasikia haya?"

"Nasikia," Hollis akasema huku anatafuna. "Ardhi yao hiyo, mzee. Si ulinipigia makofi wewe?"

Delbert akaingurumisha injini. "Geti hili nalivunja leo."

Kendra alikuja akasimama mbele ya pikapu, mikono juu ya boneti. Hakupaza sauti. "Ukivunja, mimi ndiye nitakayekushitaki, kazi yangu hiyo. Na roketi wataichukua na parachuti ndani yake. Baba, mama hakuwa wako peke yako. Na mimi nataka kuliona."

Delbert akatia gia. Kisha akarudi nyuma kwa kasi, vumbi likawafunika wote, akaelekea mjini akiitukana kampuni na serikali kwa pumzi moja. Alitukana mpaka mbele ya jengo la wilaya, akapanda ngazi akitukana, akasukuma mlango kwa bega.

Karani, Wanda Schuessler, alimfahamu tangu shule. Akavua miwani. "Delbert! Leo umekuja kutufokea kuhusu kodi gani?"

Delbert alivua kofia. Akaivaa tena. Watu kwenye foleni waligeuka kumtazama.

"Nataka kibali," akasema kwa ghadhabu. "Na ukicheka tu, Wanda, naondoka."