Sarara ya Mama

Tangu Mama ang'olewe magego, alikuwa anakunywa mchuzi na kutusogezea sisi nyama. Nilitaka ale nyama tena. Kwenye bucha moja hapa Manyoni kulikuwa na vipande viwili vya steki vinavyofanana kama mapacha.

"Hiki sarara, laini. Hiki paja," alisema muuza nyama.

"Nitaamini vipi?"

"Dada, ungemuuliza ng'ombe mapema."

Nilinunua vyote ili nijionee mwenyewe. Nikavikaanga pamoja kwa mafuta ya alizeti, sarara ikiwa upande wangu. Nilipoinama kuchochea mkaa, Mama akakizungusha kikaango, kama anavyozungusha kila chungu ili moto ushike sawasawa.

"Mama! Sarara sasa ni ipi?"

"Si wewe uliyesoma?"

Nilipopakua kila kipande kwenye sahani yake, akamega kimoja, akatafuna wee, akatema kiganjani. "Huyu alikwenda mnadani kwa miguu."

Akamega cha pili. Akatafuna kidogo. Nilimtazama koo mpaka akameza. Kisha akavuta sahani hiyo upande wake, pamoja na ugali wote.

"Wewe kula hilo paja," akasema. "Una meno."