Redio Iliyomwita Kaka Saidi

Sisi tuliokulia kwenye miji yenye redio moja tunatambuana hata kabla ya kusalimiana. Ukimwona mtu mzima anashusha sauti ghafla ifikapo magharibi, ujue huyo ni wa kwetu, mwili wake bado unangoja matangazo ya vifo. Kilimbika, mji niliozaliwa kando ya ziwa, ulikuwa na barabara moja ya lami iliyochoka, soko, kiwanda cha kuchambua pamba, na mlingoti wa redio mrefu kuliko kitu chochote tulichowahi kukiona. Kituo chenyewe kilikuwa nyumba ndogo ya bati pembeni mwa uwanja wa mpira, kikirusha kwa masafa ya kati. Mtangazaji akikohoa, mji mzima ulisikia, na kesho yake akina mama walimpelekea tangawizi.

Betri zikichoka tulizianika juani juu ya ungo, pembeni ya mihogo. Vijana wa leo simu ikiishiwa chaji wanahangaika kama wamefiwa, sisi tulitoka nje tukaangalia kama kuna mawingu. Antena yetu ilikuwa waya uliofungwa kwenye mpapai, upepo ukivuma mtangazaji alikimbia mbali kisha akarudi, nasi tukajazia wenyewe maneno aliyoyaacha njiani. Asubuhi tulikunywa uji wa ulezi kwa kufuata nyimbo. Wimbo wa wanakwaya ukianza hujavaa viatu, basi mwalimu wa zamu alikuwa ameshafika getini na fimbo yake. Jumapili zilikuwa za salamu, na hapo ndipo watu wazima walipotuchekesha. Mzee alikuwa radhi atume salamu redioni kwa jirani wa ukuta mmoja, huku huyo jirani anamsikia akipiga chafya.

Lakini saa ya matangazo hakuna aliyecheka. Tulikaa barazani na viazi vitamu na karanga mikononi bila kutafuna. Baba alikuwa akisema, "Nyamazeni, watu wanaitwa." Nilikuwa namwogopa mtangazaji wa saa hiyo kuliko mganga wa sindano. Kabla hajataja jina alivuta pumzi, na katika pumzi hiyo niliwazika ndugu zangu wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka aliposema jina la mtu mwingine.

Kisha zamu yetu ikafika, ingawa si kwa kifo.

Kaka yangu mkubwa, Saidi, alitaka kwenda machimboni. Baba alishamwombea nafasi kiwandani, kwenye pamba. Waligombana uani mpaka majirani wakatoka, na baba akamwambia neno ambalo hakuna aliyewahi kumsikia akilisema: "Ukitoka, usirudi hapa." Saidi akavaa shati lake la mistari, akamwinamia mama kumuaga, akaondoka. Tulidhani atarudi jioni. Masika yakapita, vuli ikapita, hakuna aliyesema amemwona.

Mama akaenda kituoni. Tangu hapo kila Jumamosi magharibi, baada ya vifo, tulisikia: "Saidi Rajabu, popote ulipo, mama yako Tatu Mfaume anasema hakuna aliyekufukuza. Rudi nyumbani." Shuleni ilikuwa adhabu. Mwalimu akiita jina la mtoto asiyekuwepo, darasa zima lilijibu, "Popote ulipo!" wakanigeukia mimi wakicheka. Nilimsihi mama aache. Jumamosi iliyofuata tukalisikia tena. Baba naye hakuwahi kulizungumzia tangazo lile hata siku moja, ila kila Jumamosi asubuhi ndiye aliyetoa betri na kuzianika, na alikaa karibu nazo kufukuza kuku.

Baba alifariki nikiwa sekondari. Saidi hakuja. Tangazo likaendelea.

Miaka ya elfu mbili na kumi ilinikuta Dubai, msimamizi wa usafi wa vyumba kwenye hoteli moja ya mtaa wa Al Mankhool. Tuliishi wanawake sita chumba kimoja, vitanda vya ghorofa, kila mmoja na pazia lake. Niliyemzoea zaidi ni Akinyi, Mkenya aliyelala kitanda cha chini yangu, mcheshi, akinitania kwa Kiswahili changu alichokiita cha hotuba. Nilimpigia mama kila siku ya mapumziko. Siku moja, kabla hata ya salamu, mama akasema, "Zuhura, wanaifunga redio."

Nilidhani ni uvumi. Nikampigia mjomba Hamisi anayekaa naye, akathibitisha. Mtambo umezeeka na vipuri havipatikani tena. Matangazo ya biashara yamehamia kwenye redio za mjini, zile za vijana wanaocheka wenyewe hewani. Wenye kituo wamechoka. Mwisho wa mwezi wanazima mtambo, kisha mlingoti unashushwa.

"Mama yako hali chakula," mjomba akaongeza. "Anakwenda kukaa pale getini tangu asubuhi. Jana mlinzi ndiye aliyemrudisha."

Tangu siku hiyo sikupata utulivu. Nilikuwa nikikagua vyumba naona vumbi ambalo halipo, nikakuta nimepita kitanda bila kuona kama shuka zimebadilishwa. Madam wa zamu akanisemesha, "Zuhura, yalla, haraka, wageni wanasubiri," nami nikasimama nimeshika taulo, nikimwona mama yangu juani, kichwa wazi, mbele ya geti lililofungwa. Akinyi aliniambia, "Wewe unajitia panic tu. Mtafuteni huyo kaka yenu kwa mtandao, picha itazunguka dunia nzima." Nikaona ana hoja. Nikampigia mama nikamweleza kwamba siku hizi jina la mtu linaweza kuwekwa mahali likaonekana nchi zote.

"Na Saidi atajuaje kufungua huko?" akauliza.

"Kila mtu ana simu, mama."

"Sikuulizi kila mtu. Nakuuliza Saidi." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Akiwasha redio Jumamosi akasikia kimya, atadhani nimekufa. Au atadhani nimechoka naye."

Nilikaa kwenye ngazi za dharura za hoteli, simu bado mkononi.

Jumamosi ya mwisho nilikuwa kazini. Kwetu Dubai tunatangulia saa moja, kwa hiyo jua lilikuwa limekwisha kuzama nilipoingia stoo ya mashuka, nikafunga mlango na kumpigia mjomba. Aliweka simu karibu na redio ya nyumbani. Nilisikia mikwaruzo ileile ya utotoni, na harufu ya viazi ikanijia pale katikati ya harufu ya sabuni. Vifo vikasomwa. Mtangazaji akavuta pumzi. Halafu akasema leo hatasoma yeye, mwenye tangazo amekuja mwenyewe.

Mama yangu alikuwa hajawahi kuzungumza mbele ya watu, hata harusini husukuma wenzake watangulie. Akasema: "Saidi. Ni mimi mama. Redio inafungwa, si mimi niliyenyamaza. Mimi nipo. Baba yako alitangulia, naye alikuwa anakusubiri, hakujua tu kusema. Basi, mwanangu." Nilisikia kiti kikisogezwa. Ukapigwa wimbo, ukaisha, ikabaki mikwaruzo mitupu, kama sauti ya mvua isiyonyesha. Mjomba hakukata simu, wala mimi sikukata.

Baada ya hapo hali ikawa mbaya kuliko nilivyoogopa. Mama aliacha kupokea simu. Mjomba alisema haumwi, ila anakaa tu, akiitwa kula anasema baadaye. Jumamosi mbili zikapita hivyo. Nikaomba likizo, nikaambiwa ningoje wageni wa msimu wapungue, inshallah. Nilikuwa nikishtuka kila simu ilipotetemeka mfukoni.

Kwa kuwa sikuweza kwenda mwenyewe, nikafungasha boksi: blanketi zito, viatu vya kufumwa, tende, maziwa ya unga. Nikalipeleka mtaa wa Deira kwa wakala wa mizigo. Mfungaji pale alikuwa mwanamume wa makamo, Mkongomani, jina lake Kabwe, mwenye mkanda wa gundi mkononi kama bangili. Akageuza boksi asome jina la mpokeaji. Akasimama. Akasoma tena kwa sauti.

"Tatu Mfaume, Kilimbika." Akaniangalia. "Dada, huyu ni ule mama wa Saidi Rajabu?"

"Umemjulia wapi Saidi?"

"Mimi simujui. Mimi ni mutu ya ng'ambo ya ziwa. Ile redio yenu ilikuwa inafika kwetu muzuri sana, jua ikianza kushuka. Sisi watoto tulikuwa na mchezo ya kujificha. Ule anatafuta wenzake anasimama anaita, 'Saidi Rajabu, popote ulipo!' Watoto wote ya kijiji tulicheza ile. Bibi yangu alikuwa anatukataza. Alisema, msicheze na jina ya mtoto ya mwenzangu." Akalishusha boksi taratibu. "Alikuja kurudi?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa, akalizungushia boksi gundi mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Nilirudi Al Mankhool nimesimama kwenye basi, nimeshikilia bomba, na furaha yangu kwamba tangazo lilifika mbali hivyo ikageuka hofu kabla sijafika daraja. Kama lilimfikia mtoto wa kijiji cha ng'ambo, lilimfikia na Saidi. Miaka yote hii nilikuwa nikimwaza kaka yangu yuko mahali ambapo mawimbi hayafiki, au kaburini. Sasa nilimwona amekaa kwenye benchi, hai, anasikia jina lake, anainuka anazima redio. Nimwambie mama hilo? Vipi kama ndilo litakalommaliza?

Nikamwomba mjomba amwekee mama simu sikioni kwa nguvu. Nikamwambia habari ya Kabwe, mchezo, na bibi yake. Sikuongeza kitu.

"Kwa hiyo ilivuka ziwa," akasema.

"Ilivuka, mama."

"Basi na Saidi aliisikia."

Nilifumba macho. Nilikuwa nimeiogopa sentensi hiyo tangu Deira.

"Aliisikia na hakuja," mama akaendelea, pole pole, kama anayepanga vyombo. "Ni mtu mzima, ana sababu zake. Lakini anajua hakufukuzwa. Mimi nilikuwa nataka alijue hilo, Zuhura. Nilidhani nasema na mlingoti." Nikamsikia akivuta pumzi. Kisha akamwita mjomba amuulize kama ule wali wa mchana bado upo.

Mlingoti ulishushwa wiki hiyo. Mjomba alisema watoto walienda kutazama, wazee hawakwenda.

Mama anakula, analima bustani yake, na Saidi hajarudi mpaka ninapoandika haya. Huwa najiuliza watoto wa Kilimbika wa sasa wanamngoja nani. Sisi tulijua majina ya wafu tusiowahi kuwaona na tuliwanyamazia. Jambo la mtu mmoja liliingia kila nyumba kwa wakati mmoja, na kesho yake sokoni hukuhitaji kujieleza. Leo kila mmoja wetu ana redio yake, anaisikia peke yake, na sisemi vijana tu.

Majuzi nilimkuta Akinyi amekaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, uso umevimba. Baba yake alikuwa amelazwa kwao Siaya tangu wiki iliyotangulia, na asubuhi hiyo alikuwa amefariki. Wiki nzima Akinyi alikuwa akilia nyuma ya pazia, chini ya godoro langu. Nilimkumbatia, nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilikuwa nikuambie," akasema. "Lakini kila nikikuangalia, ulikuwa na simu kwa sikio."