Sakafu Niliyompakia Mkwe Wangu

Mkinicheka mna haki, maana hata mimi, nikipita karibu na ile salle, ukumbi wa michezo wa Nguba, nageuza uso upande wa ziwa kama mtu anayetafuta mtumbwi wake.

Wakati ule wa Zaïre nilikuwa mwalimu wa michezo, na funguo za salle nilizishika mimi. Salle ilikuwa moja, kazi zake nyingi: leo mpira wa kikapu, kesho vijana wa animation wakicheza na kukiimbia chama, Jumapili arusi. Sasa, nilikuwa nimeomba kumuoa Furaha, na baba yake, Papa Bisimwa, mkulima wa kahawa kutoka Kalehe, hakuwa amekubali. Alikuwa akiuliza kila mtu kama kurusha mpira ni kazi. Basi nikamwalika aje Jumamosi aone mechi yetu na timu ya Kavumu, kisha aamue mwenyewe.

Jumamosi asubuhi ilikuwa salongo, ile kazi ya lazima ya usafi, na wanafunzi wangu wakaja na fagio. Hapo ndipo nilipoharibu. Nikajiuliza, mkwe akija nyumbani, mama anafanya nini? Anapaka sakafu cire (kwa asiyeijua: ni nta nyekundu ya kopo, unaipaka kwenye sementi kwa kitambaa, unaiacha ikauke kidogo, halafu unasugua kwa brosi mpaka ujione uso). Nikasema, mkwe anakuja kwangu, na kwangu ni salle. Tukapiga magoti, tukasugua huku tukiimba, mpaka sakafu ikang'aa kama tunda.

Mchana watu wakajaa, Papa Bisimwa akakaa mbele na abacost yake, ile suti ya wakati ule isiyo na tai, ya rangi ya maziwa. Mchezaji wa Kavumu akauchukua mpira, akakimbia, akasimama ili arushe. Yeye alisimama, miguu yake haikusimama, akaenda kuishia chini ya meza ya waamuzi. Wa kwetu akamfuata. Kisha mwamuzi mwenyewe akateleza toka upande huu hadi ule huku akipuliza filimbi, na hakuna aliyejua ni kosa la nani. Mama mmoja muuza karanga akaita toka mlangoni: "Mwalimu, leta mitumbwi, batu banazama."

Nikatafuta dawa. Nikakimbilia jikoni kwa mlinzi, nikaomba unga wa muhogo, nikaunyunyiza kote. (Ndugu zangu, unga ukikutana na nta ambayo haijakauka vizuri, unapata ugali mwekundu.)

Wakati wa mapumziko nikamwona Papa Bisimwa ameinuka, anakatiza uwanja kuelekea mlangoni. Nikajua ndiyo basi, anarudi Kalehe, na Furaha nimemkosa. Na mimi, niliyeijua sakafu ile kuliko mtu yeyote, nikakimbia. Nikamshika mkono, tukakaa chini wote wawili, tukateleza tukiwa tumekaa hivyohivyo, mpaka tukasimamishwa na nguzo ya kikapu.

Mzee akautazama mkono wake mwekundu.

"Nani alisugua hii?"

"Ni mimi, papa. Na batoto ya salongo."

"Wewe mwenyewe, kwa magoti?"

"Kwa magoti, papa. Ni juu ya kukuheshimu."

Akaitazama sakafu polepole, jinsi alivyozoea kutazama kahawa yake kabla ya kuiuza. "Vijana benye banaomba mutoto wangu banaletaka maneno tu," akasema. "Hakuna mwenye alishanipakia cire. Nitakupa Furaha. Lakini kwanza unitoe hapa."

Tukatoka kwa kutambaa, mkwe mbele, mimi nyuma, na ndipo watu walipocheka mpaka wengine wakalia.

Mechi ilirudiwa Kavumu, kwenye udongo, tukashindwa vibaya. Tangu siku ile sijapaka nta mahali watu wanapokimbia, na sitapaka. Nyumbani ni mambo mengine: Furaha hajawahi kugusa kopo la cire, ni kazi yangu. Na baba yake, kila alipotutembelea, alisimama kwanza mlangoni, akavua viatu, akauliza kwa upole: "Leo umepaka?"