Kompyuta Iliyopaswa Kulala Nyumbani Kwangu

Nyumba yangu ya Likombe ina amri moja ambayo hata marehemu mume wangu aliitii: ukitoka sebuleni, unazima ukutani. Sisemi kuzima redio kwa kidole. Unazima swichi, unachomoa plagi, waya unaning'inia hapo kila mtu auone. Amri hiyo niliiweka miaka ya tisini, mara tu tulipoingiziwa umeme, baada ya pasi ya jirani kula godoro, meza na nusu ya pazia huku wenyewe wako harusini wanacheza. Mimi si msomi. Nilifika darasa la pili, baadaye nikaenda kisomo cha watu wazima nikaokota herufi zilizobaki. Lakini moto naujua.

Sasa mjukuu wangu akaniletea kompyuta.

Huyu ni mtoto wa binti yangu wa kwanza, nimemlea tangu ananyonya kidole. Namwita mke mwenzangu, kwa sababu babu yake alimwita "mke wangu", na mimi na yeye tulikuwa tunamgombania mzee mbele ya wageni mpaka wageni wanaona haya. Alipomaliza chuo cha ufundi alirudi na kompyuta ya mtumba juu ya toroli, imefunikwa shuka kama mgonjwa. Akahamisha vyombo vyangu vya udongo kabatini, akaiweka hapo. Nikaifunika kwa kitambaa changu cha kufuma, akakitoa. Nikakirudisha, akakitoa. Tukaishi hivyo.

Mwanzoni ndani yake mlikuwa na ile programu ya watu wote, lakini virusi viliitafuna kama mchwa anavyotafuna mlango. Mwalimu wake wa chuo akampa sidi yenye kitu kinaitwa Linux. Akanieleza kuwa hii ni ya bure, watu wa nchi mbalimbali wameitengeneza kwa kushirikiana, kila mmoja kipande chake.

"Basi ni shamba la ujamaa," nikasema.

"Ila hili linatoa mazao, Bibi."

Nilimfinya, maana lile shamba nililipalilia mimi, si yeye. Lakini nilicheka.

Kazi aliyotaka kuifanya ni video za harusi. Kamera aliazima. Harusi yake ya kwanza ilikuwa ya binti wa shoga yangu, mwanamke tunayecheza naye ngoma kikundi kimoja, mwenye mdomo ambao ukiwa Shangani unausikia huku kwetu. Tatizo la harusi ile ni kwamba baba wa bibi harusi hakuwepo. Alikuwa kwao, ng'ambo ya Ruvuma, alikwenda kuangalia shamba la mama yake, akaanguka kwenye mkorosho akavunjika paja. Kumpandisha mtumbwi na paja lile haiwezekani. Kuahirisha harusi haiwezekani, Ramadhani inabisha hodi. Baba akaagiza: ozesheni, halafu mleteni mwanangu na mumewe niwaone, na picha inayotembea mniletee, nione tangu anatoka ndani. Jirani yake kule alikuwa na deki na jenereta.

Wakapanga wavukie Kilambo Jumamosi ya wiki inayofuata. Mjukuu wangu akaahidi kwamba sidi itakuwa tayari. Akaahidi mbele ya wanawake wote jikoni, mkono wake mmoja umo kwenye sufuria ya pilau.

Kumbe kuipiga picha harusi ni nusu ya kazi. Ukishazikata na kuziunganisha, kompyuta inakaa yenyewe inazichemsha zote ziwe kitu kimoja. Mimi kazi hiyo nikaiita kupika. Inapika taratibu, kuna mstari kwenye kioo unajaa kama maji yanavyojaa kwenye mtungi uliowekwa chini ya bomba bovu. Na mji wetu wakati ule ulikuwa wa mgao. Umeme unakuja, mstari unajaa, unakaribia, umeme unakwenda zake. Lile boksi la chini, yupiesi, linapiga kelele kama kifaranga kilichokanyagwa, linashikilia umeme kidogo tu, muda wa kula ndizi moja. Kisha giza. Umeme ukirudi, mstari uko sifuri. Anaanza upya. Siku baada ya siku nilimwona anaanza upya, na mashavu yanamwingia ndani.

"Dawa yake ni kuilaza," akaniambia. "Ikilala kabla umeme haujaisha, ikiamka inaendelea pale pale."

"Basi ilaze. Unangoja nini, iote jino?"

Akahangaika nayo asubuhi nzima, mara inalala haiamki, mara inaamka kioo cheusi. Mwishowe ikakubali. Kioo kikazima, feni ikanyamaza, ikabaki taa moja ndogo inakonyeza. Akaigusa, ikaamka na kila kitu chake. Aliruka, akanibusu kichwani, akaenda kisimani anaimba.

Mimi nikatoka sebuleni. Nikazima ukutani. Nikachomoa.

Aliporudi ilikuwa kama mtoto aliyezaliwa leo, haijui harusi wala bibi harusi.

"Bibi! Umezima!"

"Nimezima, ndiyo. Ilikuwa inakonyeza."

"Si ilikuwa imelala! Huo usingizi ni mwepesi, kila kitu inakishika kichwani, inahitaji umeme kidogo tu wa kupumua!"

"Kwangu hakuna kinachopumua umeme nikiwa nimetoka. Mgao ukija utauambia nini? Uuache upumue?"

Mjukuu wangu akakaa chini sakafuni, ndoo ya maji bado iko kichwani, nusu ikamwagika mgongoni. Halafu akaanza kucheka.

"Mke mwenzangu," akasema, "wewe na mgao ni kitu kimoja."

Nikamwambia asante.

Ndipo akanieleza kwamba kuna usingizi wa pili, mzito. Huo, kompyuta haishiki kitu kichwani. Inaandika kila kitu tumboni, kwenye diski, kisha inajizima kabisa, kavu, hata ukiing'oa ukaibeba mpaka Mikindani haijali. Ukiiwasha inasoma ilichoandika, inaendelea. Akasema kuanzia sasa kipimo ni mimi. Kompyuta itakayonishinda mimi ndiyo itakayoushinda mgao. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Usingizi mzito ukakataa. Ukiiamuru ilale, inajaribu, inarudi, inalalamika kwa Kiingereza. Akagundua kwamba alipoiongezea kumbukumbu, yaani hicho kichwa chake, alisahau kuongeza ile nafasi ya diskini ya kuandikia usingizi. Kichwa kimekuwa kikubwa, nafasi imebaki ileile.

"Yaani umenunua kitanda sita kwa sita," nikamwambia, "umebaki na chandarua cha mtoto."

"Hivyohivyo, Bibi."

Akaipanua ile nafasi, roho mkononi maana harusi yote ilikuwa mle mle. Sasa ikawa inalala vizuri, inajizima kavu. Lakini ukiiwasha haikumbuki! Inaamka kama mgeni. Imeandika kila kitu, ila haijui ilipoandika. Inatakiwa uiambie kwa mstari mmoja wa maandishi: ukiamka, katazame mahali fulani. Mstari wenyewe hakuujua.

Akapanda baiskeli mpaka mjini kwenye intaneti. Akaukuta. Muda aliolipia unakwisha, karatasi hana, kalamu anayo, akauandika mkononi, kuanzia kiganjani mpaka karibu na kiwiko, kama wasichana wanavyoandika. Akapiga baiskeli kurudi. Anaingia uani, Alasiri inaadhiniwa. Mtoto nimemlea mimi, akiisikia adhana haulizi, anakwenda moja kwa moja kwenye pipa. Akatia udhu. Uso, mikono mpaka viwiko, sawasawa kabisa kama nilivyomfundisha, kila kiungo mara tatu.

Akasali. Akaja akakaa mbele ya kompyuta, akatazama mkono.

Ukawa na doa la bluu na herufi mbili.

Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka, ilikuwa Alhamisi. Shoga yangu alikuwa amekwishapita mara mbili siku ile, anasema anapita tu kuomba chumvi, lakini macho yako kwenye kabati.

"Kesho rudi," nikamwambia, "uandike pasipofika udhu."

Ijumaa asubuhi akaenda, akaandika juu ya kiwiko, mkono wa kushoto, kwa ndani, mstari unapanda kwenda begani. Lakini ukiandika hapo, kuusoma huku unapiga kibodi kwa mikono miwili ni kazi. Akipinda shingo kusoma, vidole vinapotea. Akifuata vidole, anapoteza mstari.

"Bibi, njoo unisomee."

Nikamtazama. Tangu kisomo cha watu wazima, mimi nimesoma majina ya mabasi na maandishi ya kanga. Nikavaa miwani ya marehemu, nikamshika mkono kama mtu anayemtafutia chawa.

"Kuna r," nikasema. "Kuna e. Kuna nyoka."

"Nyoka ni s. Endelea."

"Kuna kikombe hakina mfuniko. Kuna milima miwili. Kuna e tena. Halafu vijiti viwili vimelala kitanda kimoja."

"Sawa sawa hiyo. Endelea!"

"Ngazi imeegemea ukutani."

"Imeegemea kulia au kushoto?"

"Kulia. Jasho lako linanuka, mke mwenzangu, uoge."

"Soma, Bibi!"

Nikasoma mpaka mwisho, mwisho palikuwa na tano. Akaniomba nirudie yote, nikarudia, tukalingana. Akafanya mambo yake mengine kwenye kioo, akaanzisha kupika harusi, mstari ukasogea kidogo. Akailaza. Ikaandika, ikajizima, kimya. Akasimama kando, akaniinamia kama mtu anayemkaribisha mgeni rasmi, akanyoosha mkono kuelekea ukutani.

"Karibu, mgao."

Nikazima. Nikachomoa. Nikatoka uani kabisa, nikahesabu kuku wangu, nikarudi. Nikachomeka, nikawasha. Akabonyeza. Maandishi meupe yakapita mbio kwenye kioo cheusi, mimi simo ndani yake, namwangalia yeye usoni. Uso ukawaka. Nikageuka, nikaiona harusi ipo, mstari upo pale pale tulipouacha, na kabla sijakaa ukaanza kusogea.

Tulipiga vigelegele viwili, vya mtu mzima na vya mtoto. Ndivyo vilivyomleta shoga yangu.

"Imekwisha?" anauliza mlangoni, hata hodi hakuna.

"Inapika," nikamwambia. "Kaa ule ming'oko."

Akakaa. Viazi vile vya porini hakuvigusa. Mstari ulikuwa umepita nusu, jua limepinda, umeme ukaenda. Yupiesi ikaanza kifaranga chake. Shoga yangu akasimama, mikono kichwani.

"Imekufa! Wallahi imekufa! Mume wangu ataona nini, jamani, ataona nini mzee wa watu na mguu wake!"

Mjukuu wangu alibonyeza alipobonyeza, kompyuta ikaandika usingizi wake, ikajizima kabla kifaranga hakijakata roho. Mimi nikanyanyuka taratibu, najua natazamwa, nikaenda ukutani nikazima, nikachomoa, nikauacha waya uning'inie.

"Na wewe unaimalizia!" akanipigia kelele.

"Imelala. Wewe ukilala, tunakuzika?"

"Mtu akilala anapumua!"

"Hii haipumui. Ndiyo uzuri wake. Kula ming'oko."

Akala, kwa hasira, akamaliza sahani nzima. Akanitukana ngoma yangu, kwamba mabega yangu yamechoka, nikamtukana sauti yake. Umeme uliporudi, giza lilikuwa linaanza kuingia ndani. Nikachomeka mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Maandishi yakapita. Kwenye kioo akatokea binti yake, yuko mlangoni, amefunikwa, anatoka ndani.

Shoga yangu aliusogelea mstari akautazama unavyojaa, akauliza kwa sauti ndogo ambayo tangu ujana sijawahi kuisikia kwake, "Haukurudi nyuma?"

"Haukurudi, mama," mjukuu wangu akamjibu. "Umeendelea."

Sidi ikatoka usiku ule, ina joto kama mkate. Jumamosi asubuhi bibi harusi alikuja kuichukua mwenyewe kabla ya gari la Kilambo, akaizungushia kanga, akaitia katikati ya nguo. Akampigia mjukuu wangu goti. Mjukuu wangu wa kike, mwenye maandishi begani ambayo bado hajayaosha.

Habari zilirudi baada ya wiki, amezileta shoga yangu, nazo alizileta kwa kelele zake za kawaida. Mzee ameiona harusi yote. Amelia mwali anapotoka, amecheka wakwe walipokosea kucheza, amewaita majirani wakaijaza nyumba, wakaiangalia mpaka jenereta ikaisha mafuta, na kesho yake wakaiangalia tena.

"Ila anauliza," akasema, "huyo bibi anayecheza katikati, kamera haimwachi, ni nani? Anasema harusi ni ya binti yake au ya bibi huyo?"

Nikamtazama mjukuu wangu. Alikuwa ameinama, anaifunika kompyuta kwa kitambaa changu cha kufuma, kwa mkono wake mwenyewe.

"Mwambie," akasema, bila kugeuka, "huyo ndiye mgao."