Gia Tatu za Mama

Juzi nilibadilisha gia za baiskeli yangu ya kukunja, ile ninayoendea kazini hapa Bariadi na kuiweka chini ya meza nikifika. Ilikuja na gia tatu, zimefichwa ndani ya habu, lile bomba la katikati ya gurudumu la nyuma. Nikaagiza Dar habu ya gia nane, nikaifunga mwenyewe barazani, Jumamosi nzima. Ungeniona na grisi mpaka puani ungecheka. Lakini nilipoifungua ile ya zamani, harufu yake ilinirudisha Ipililo, nyumbani kwa bibi, nikiwa binti wa darasa la tatu.

Mama alikuwa nesi wa zahanati. Baiskeli yake ya kukunja aliachiwa na daktari mgeni aliyemaliza muda wake, na kijijini hakuna aliyewahi kuona kitu cha namna ile: magurudumu madogo, bawaba katikati ya fremu. Bibi aliiita mtoto wa baiskeli. Ilikuwa na gia moja tu. Kila Jumanne mama alifunga boksi la chanjo nyuma, akaenda kliniki ya mkoba kwenye kitongoji cha ng'ambo ya kilima.

Mwaka ule goti lake likavimba. Alirudi jioni akichechemea, bibi akamkanda kwa maji ya moto, na mimi nikaachiwa kupepeta mtama na kufungia ndama. Siku moja niliwasikia wakizungumza, wakidhani niko na michembe yangu, vile viazi vikavu tulivyotafuna kutwa. Mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati, alikuwa amemwambia mama kwamba akishindwa kukipanda kilima ataletwa nesi mwingine, na yeye atahamishiwa mjini. Mama angeondoka, mimi ningebaki kwa bibi kwa sababu ya shule. Sikulia. Nilikwenda kumwambia fundi.

Fundi baiskeli alikuwa jirani yetu, mwanamume mfupi wa maneno machache, karakana yake ni kivuli cha paa la nyumba yake. Alinisikiliza huku anaziba pancha. Kesho yake asubuhi akaja mwenyewe.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimu mama kwa Kisukuma, akimwita mayu, yaani mama.

"Mwangaluka."

"Mtoto kasema goti linakusumbua. Ninayo habu ya gia tatu, ilitoka kwenye baiskeli iliyokufa. Gia yake ya kwanza ni nyepesi, inapanda popote."

Mama alinitazama mimi kwanza, kisha yeye. "Itaingia kwenye kigurudumu hiki?"

"Tutailazimisha."

Haikutaka kulazimishwa. Habu ilikuwa na matundu thelathini na sita ya spoki, ringi ya mama ishirini na nane. Fundi aliacha manane matupu, akakata spoki ndefu na kuzichonga hesi upya, ile mikato ya kukazia nati, akapanua fremu kwa kipande cha mti ili habu ikae.

Jumanne mama akaondoka. Saa sita alirudi kwa miguu akiisukuma, gurudumu limepinda kama chapati iliyosahaulika juani. Hakuwa amefika. Wanawake wa ng'ambo walingoja na watoto mgongoni mpaka wakatawanyika. Mama alirudisha chanjo kwenye friji ya zahanati. Mganga mfawidhi alimpa wiki moja tu.

Fundi hakujitetea. "Mayu, kosa ni langu," alisema. "Matundu matupu niliyaweka yote upande mmoja, upande huo ukakosa nguvu." Akazifumua spoki zote. Kwa siku tatu hakupokea kazi ya mtu. Alizungusha gurudumu mbele ya jicho lake, akakaza hapa, akalegeza pale, mpaka likaacha kuyumba.

Jumanne ya pili nilikuwa shuleni. Jioni nikichambua pamba na bibi, nikasikia tik-tik-tik ya habu ikiteremka njiani, haraka haraka. Bibi akaacha kuchambua. Mama akashuka, akaomba maziwa mgando, akayamaliza kabla hajakaa.

"Watoto arobaini na mmoja," alisema.

Hakuhamishwa. Tuliishi pale mpaka nikamaliza darasa la saba.

Siku hizi chanjo huenda kwa pikipiki, na hilo ni jema. Fundi alifariki, kwenye kivuli chake wanauza vioo na taa za bodaboda. Sijui kama yupo bado mtu anayeweza kuchonga hesi kwenye spoki iliyokatwa, na sioni sababu ya kijana kujifunza. Baada ya bibi kufa baiskeli ilibaki kwenye zizi lisilo na ng'ombe, kisha ikawa haipo, na hakuna aliyeuliza.

Jumapili nilimpigia mama simu nikamuuliza kuhusu gia ile. Alisema haikumbuki vizuri. Anachokumbuka ni kwamba Jumanne ile ya pili fundi alishindwa kungoja habari nyumbani. Alimfuata mbio, mchana kweupe, kandambili mkononi, macho kwenye gurudumu, mpaka chini ya kilima. Mama alipofika juu aligeuka. Fundi alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, katikati ya njia, anacheka peke yake.